Mekatilili: Mama wa Kigiriama aliyemtikisa mkoloni

MTU akiondoka Kilindini, akavuka daraja la Nyali na kuifuata barabara ya kaskazini kwa takriban kilomita 120, hufika Malindi. Huko, katika bustani yenye jina lake, imesimama sanamu ya Mekatilili wa Menza. Ilizinduliwa Oktoba 20, 2010, Kenya ilipoadhimisha Sikukuu ya Mashujaa kwa mara ya kwanza.

Mombasa nayo iliwahi kuwa na sanamu ya Sir William Mackinnon, mwasisi wa kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru iling'olewa, ikarejeshwa kwao Scotland. Ni nani basi huyu mwanamke aliyepewa heshima ambayo tajiri huyo alinyang'anywa?

Alizaliwa katika karne ya 19, akapewa jina la Mnyazi. Alipojifungua mwana aliyeitwa Katilili, akawa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Husimuliwa kuwa nduguye alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa mbele ya macho yake, na kwamba uchungu huo haukumtoka maishani.

Mwaka 1913, afisa wa serikali, Arthur Champion, aliwadai Wagiriama kodi ya vibanda na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mekatilili, mjane wa makamo, alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na umati ulipokusanyika akauhutubia. Yasemekana alimletea Champion kuku na vifaranga wake, akamtaka achukue kifaranga kimoja. Mama kuku alipomdonoa, kila mtu barazani alielewa maana yake.

Akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya watu Kaya Fungo. Wanaume kwa wanawake wakala kiapo cha kutotoa kodi wala vijana wao. Machifu wa serikali wakakosa wa kuwatii.

Oktoba mwaka huo wawili hao walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na vita vikazuka. Mekatilili alikamatwa tena. Wagiriama walishindwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa ng'ambo ya mto Sabaki wakafukuzwa makwao.

Hata hivyo, baada ya miaka michache serikali iliwaruhusu kurejea Sabaki, na mwaka 1919 Mekatilili alikuwa tena miongoni mwa watu wake. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale. Kaya aliyoitetea ni mojawapo ya misitu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia.

Sanamu ya Mackinnon ilisimamishwa na wenye nguvu, ikaondoka nao. Ya Mekatilili itadumu iwapo watoto wanaocheza chini yake watasimuliwa kisa chake. Mwacha mila ni mtumwa.