Papa Simon Kimbangu na Jiwe la Danieli

Wapendwa ndugu na dada wa Kisangani,

Nabii Danieli alionyeshwa jiwe lililokatika bila mkono wa mtu, likavunja sanamu ya falme, likajaza dunia yote. Jiwe hilo ni ufalme wa Mungu. Lakini utakuja kwa njia gani? Wakristo hawakupatana juu ya jambo hilo.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887. Mwaka 1915 alibatizwa kwa Wabatisti Waingereza, walewale waliofungua misioni ya Yakusu, karibu nasi, mwaka 1896. Wamisionari walifundisha kwamba ufalme unaingia polepole katika mioyo.

Tarehe 6 Aprili 1921 Kimbangu alianza kuponya wagonjwa. Watu wakajaa Nkamba, wakatupa dawa za uchawi. Wengine wakasema utawala wa Wazungu unakwisha sasa hivi. Wabelgiji wakaogopa. Mwezi wa sita walitaka kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa tisa akajitoa mwenyewe. Hakushika silaha. Tarehe 3 Oktoba, huko Thysville, baraza la kijeshi lilimhukumu kifo. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akakaa gerezani Elisabethville mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951: miaka 30.

Wafuasi wake walihamishwa mbali. Wengine waliletwa hata Lowa, upande wa Ubundu. Mwaka 1944, upande wa Masisi na Lubutu, watu wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliona saa ya ufalme imefika, wakainuka. Serikali ikawapiga, damu nyingi ikamwagika. Tusiwacheke: mzigo wa kazi za nguvu ulikuwa mzito kwa wote.

Wa Kimbangu walisali kwa siri, Mama Muilu Marie akiwaongoza mpaka alipofariki mwaka 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka uleule kanisa likatambuliwa na serikali. Miezi 6 baadaye utawala wa Wabelgiji ukaanguka.

Wapendwa, sisi tuliona mabomu ya siku sita, mwezi wa sita mwaka 2000. Akija mtu kututajia tarehe ya ufalme, au kutupa panga ili tuuharakishe, tukumbuke kwamba jiwe lile halikukatwa kwa mkono. Tena tusikunje mikono: mfungwa yule hakuacha kusali. Amina.