Louis-Nicolas Vauquelin, Mgunduzi wa Metali Ing'aayo

Bila shaka umewahi kutazama pikipiki iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Bomba la moshi, usukani na vyuma vya shokapu za mbele hung'aa, hata ukaweza kuuona uso wako. Sasa tazama jembe lililoachwa nje wakati wa masika. Limeshika kutu. Vitu hivi vyote viwili vimetengenezwa kwa chuma. Kwa nini basi kimoja hung'aa na kingine huliwa na kutu?

Jibu limo katika metali iitwayo kromi. Chuma cha pikipiki kimevikwa kromi, kama vile mtu avaavyo koti la mvua. Metali hii haikujulikana na mtu ye yote mpaka mwaka 1797. Aliyeigundua alikuwa mtoto wa mkulima maskini wa Ufaransa, aitwaye Louis-Nicolas Vauquelin. Katika somo hili utasoma habari za maisha yake. Kisha tutakwenda pamoja mpaka Masieda, katika Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, ili tuone jinsi ugunduzi wake unavyotusaidia leo, na jinsi sisi tunavyopaswa kuutunza.

Utoto na masomo yake

Vauquelin alizaliwa tarehe 16 Mei, mwaka 1763, katika kijiji cha Saint-André-d'Hébertot, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alifanya kazi katika mashamba ya tajiri, na mtoto naye alimsaidia baba yake shambani. Hata hivyo alisoma katika shule ya kijijini, akapenda sana masomo.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, alikwenda katika mji wa Rouen. Huko alipata kazi kwa mwuza dawa. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, kuchochea moto na kutumwa huku na huku. Mwuza dawa huyo alikuwa akiwafundisha vijana wengine habari za dawa na za vitu vinavyochanganywa. Vauquelin hakuwa mmoja wa wanafunzi hao, lakini alisikiliza huku akifanya kazi yake, akaandika aliyoyasikia. Siku moja tajiri wake aliyaona maandishi hayo. Alikasirika, akayararua, akamkataza asiandike tena.

Fikiri jinsi kijana huyo alivyohuzunika. Lakini hakukata tamaa. Aliondoka Rouen, akaenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akiwa hana fedha wala ndugu. Alipata taabu nyingi, hata akaugua na kulazwa hospitali. Mwishowe aliajiriwa na mwuza dawa mwingine, na kwa njia hiyo akajulikana kwa Antoine-François Fourcroy, mwalimu hodari wa kemia. Kuanzia mwaka 1783 Vauquelin alikuwa msaidizi wa Fourcroy. Dada zake Fourcroy walimwuguza alipokuwa mgonjwa. Vauquelin hakusahau wema huo. Miaka mingi baadaye, Fourcroy alipokwisha kufa, aliwachukua dada hao nyumbani kwake, akawatunza mpaka mwisho wa maisha yao.

Jiwe jekundu kutoka Siberia

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa na jiwe lililowashangaza. Lilichimbwa katika mgodi wa Berezovsk, nchini Urusi, nalo lilikuwa na rangi nyekundu ya kupendeza. Waliliita risasi nyekundu ya Siberia. Kila mtu alijua kwamba jiwe hilo lina risasi ndani yake. Lakini je, wekundu wake ulitoka wapi?

Mwaka 1789 Vauquelin na mwenzake mmoja walilichunguza. Walidhani kwamba mna risasi, chuma na alumini tu. Wataalamu wengine walisema mambo mengine kabisa. Majibu hayakupatana. Mtu mwingine angeliacha jambo hilo, lakini Vauquelin alijua kwamba majibu yasipopatana, lazima uchunguzi urudiwe.

Mwaka 1797 alianza upya. Alilisaga jiwe mpaka likawa unga. Akauchemsha unga huo katika maji yenye chumvi ya potasi, yaani chumvi ipatikanayo katika majivu ya kuni. Risasi ilijitenga, na maji yakageuka kuwa ya rangi ya manjano. Sehemu ya maji hayo alipoitilia chumvi ya zebaki, ulitokea unga mwekundu. Sehemu nyingine alipoitilia chumvi ya risasi, ulitokea unga wa manjano. Alipotumia tindikali pamoja na chumvi ya bati jeupe, maji yaligeuka kijani. Hakuna metali yo yote iliyojulikana wakati huo ambayo ingeweza kufanya hivyo. Vauquelin akatambua kwamba ndani ya jiwe mlikuwa na metali mpya.

Lakini kutambua hakutoshi. Katika sayansi ni lazima kitu kionekane. Alichukua unga alioupata katika maji yale, akauchanganya na makaa yaliyosagwa, akauweka katika chungu kidogo cha kuyeyushia. Akakitia chungu katika tanuru yenye moto mkali sana. Makaa yaliuondoa oksijeni katika unga. Chungu kilipopoa, alikuta ndani yake vipande vya metali ya rangi ya kijivu, vilivyochongoka kama sindano. Metali hiyo ilikuwa ngumu, nayo ilivunjika upesi. Kwa sababu ilifanya rangi nyingi, iliitwa kwa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Jina hilo kwa Kiswahili ni kromi.

Baadaye Vauquelin alichunguza zumaridi, lile jiwe la thamani lenye rangi ya kijani. Aligundua kwamba ukijani wake hutokana na kromi kidogo sana iliyomo ndani yake. Jambo hili linahusu nchi yetu pia. Zumaridi zimechimbwa karibu na Ziwa Manyara, si mbali sana na Mbulu. Na katika eneo la Longido, mkoani Arusha, hupatikana yakuti nyekundu, ambazo wekundu wake pia hutokana na kromi. Metali moja hufanya jiwe hili liwe kijani na jiwe lile liwe jekundu.

Mwalimu wa wengine

Vauquelin alipata sifa kubwa. Alikuwa mkaguzi wa migodi, akafundisha katika vyuo vikubwa vya Paris, akaandika taarifa za uchunguzi zaidi ya 300. Mwaka 1798 aligundua pia kwamba katika zumaridi mna elementi nyingine mpya, ambayo leo huitwa berili.

Lakini hakusahau alivyoanza. Kijana mmoja maskini, mtoto wa mkulima, Louis Jacques Thénard, alipotafuta mahali pa kujifunzia, Vauquelin alimpokea katika maabara yake. Thénard naye akawa mtaalamu mkubwa. Mwaka 1818 aligundua haidrojeni peroksaidi, kioevu ambacho kimetumika kusafishia vidonda. Vauquelin alifariki tarehe 14 Novemba, mwaka 1829, katika kijiji kile kile alichozaliwa.

Kromi inavyozuia kutu

Vauquelin hakuona pikipiki hata moja maishani mwake. Ilipita karibu miaka 100 baada ya kufa kwake kabla ya viwanda kuanza kuvika vyuma vya magari kromi kwa wingi, katika miaka ya 1920. Kazi hiyo hufanywa kwa umeme. Kwanza chuma husafishwa, kisha huvikwa metali nyingine iitwayo nikeli. Halafu hutumbukizwa katika kioevu chenye kromi. Umeme unapopitishwa, kromi hutoka katika kioevu na kujishika juu ya nikeli. Kioevu hicho ni sumu kali, na mvuke wake huweza kuleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo kazi hiyo si ya kujaribiwa nyumbani. Hufanywa na mafundi wenye vifaa vya kujikinga.

Tabaka la kromi la mapambo ni jembamba kuliko sehemu 1 ya 1000 ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa zaidi ya mara 50 ya tabaka hilo. Kitu chembamba hivyo chawezaje kuzuia kutu?

Kumbuka kwamba kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni ya hewa mahali penye maji. Kutu ni laini, nayo hubanduka. Ikibanduka, chuma kilicho chini yake huwa wazi na kuliwa tena, mpaka chote kinakwisha. Kromi nayo huungana na oksijeni ile ile. Lakini kinachotokea ni utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao hushika imara wala haubanduki. Utando huo huifungia hewa na maji nje. Ukikwaruzwa kidogo, hujitengeneza tena, maadamu kromi bado ipo.

Ndiyo sababu kromi huchanganywa pia na chuma ili kupata chuma kisichoshika kutu. Visu, vijiko na sufuria nyingi zing'aazo hutengenezwa kwa chuma hicho. Katika kila kilo 10 za chuma hicho mna kromi ya zaidi ya kilo 1.

Kutunza vyuma vya pikipiki

Sasa twende Masieda. Wakati wa kiangazi pikipiki huinua vumbi, na wakati wa mvua hurushiwa tope. Vumbi litokalo karibu na maziwa ya magadi, kama vile Ziwa Eyasi, lina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Tope likikaa juu ya chuma huhifadhi maji kwa muda mrefu. Mahali po pote kromi ilipopasuka au kuchubuka, maji hupenya, na kutu huanza chini yake. Mwanzoni utaona vidoa vidogo vya rangi ya udongo mwekundu. Baadaye kromi hubanduka kama gome la mti.

Usidhani kwamba hasara ni ya uzuri tu. Vyuma vya shokapu za mbele vimevikwa kromi ili viwe laini na vigumu. Vikishika kutu huwa na mashimo madogo yanayokwaruza mipira izuiayo mafuta, ambayo mafundi huiita sili. Mafuta huvuja, nayo yakifika kwenye breki, breki hushindwa kushika vizuri. Dereva na abiria wake waweza kuumia. Kutu ndogo imeleta hatari kubwa.

Ukimsaidia mzazi au ndugu yako kusafisha pikipiki, fuata hatua hizi:

1. Subiri mpaka injini na bomba la moshi vipoe.
2. Mwaga maji mengi ili mchanga na tope viondoke kabla ya kufuta.
3. Osha kwa sabuni na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala msasa, kwa maana tabaka ni jembamba, na likiisha halirudi. Usitumie kabisa tindikali ya betri. Itakuunguza wewe na kuharibu chuma.
4. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa kikavu, hasa pembeni na kwenye maungio.
5. Paka nta au mafuta kidogo sana ya mashine juu ya vyuma vilivyovikwa kromi, ufute mpaka ving'ae. Usipake mafuta kwenye breki wala kwenye matairi.

Jaribio

Chukua misumari mitatu mipya ya chuma isiyopakwa cho chote na vikombe vitatu vya maji. Msumari wa kwanza uache ulivyo. Wa pili upake grisi pande zote. Wa tatu upake grisi vivyo hivyo, kisha ukwaruze kwa ncha ya kijiti ili mstari mmoja wa chuma uwe wazi. Tumbukiza kila msumari katika kikombe chake. Itazame kila siku kwa muda wa siku 5, uandike unayoyaona. Ni msumari gani ulioshika kutu kwanza? Katika msumari wa tatu, kutu imetokea wapi?

Jaribio hili litakuonyesha kwamba kinga yo yote, iwe grisi, rangi au kromi, hufaa pale tu inapokuwa nzima. Vauquelin alitupatia metali iliyo imara kuliko chuma mbele ya hewa na maji. Kuilinda ili nayo ilinde chuma ni kazi yetu.

Maswali

1. Vauquelin alifanya kazi gani alipokuwa Rouen, naye alijifunzaje?
2. Kwa nini alilichunguza jiwe jekundu mara ya pili?
3. Eleza kazi ya makaa katika tanuru.
4. Kutu na utando wa kromi vyote hutokana na oksijeni. Vinatofautianaje?
5. Kwa nini ni hatari kuacha vyuma vya shokapu za mbele vishike kutu?
6. Tafuta vitu vitano nyumbani kwenu vilivyolindwa visishike kutu. Taja kinga iliyotumika katika kila kimoja.