Kivoi Mwendwa, tajiri wa Kitui aliyefichua habari za theluji ya Mlima Kenya

Taifa la Kenya lilipata jina lake kutoka kwa mlima, nao mlima huo uliingia katika maandishi ya Wazungu kupitia kinywa cha mfanyabiashara mmoja wa Kitui. Mfanyabiashara huyo ni Kivoi Mwendwa. Hakuacha maandishi yoyote, na mengi tunayoyajua kumhusu yalihifadhiwa na mgeni wake, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf.

Vitabu vingi vya shule humwita chifu. Cheo hicho hakimfai, kwa kuwa Wakamba wa wakati huo hawakuwa na watawala wa kurithi. Mambo ya jamii yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na mtu alipata sauti kwa mali, ufasaha na wingi wa wafuasi. Kivoi alijaliwa yote matatu. Misafara yake ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, ikarudi na vitambaa, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Hakuna Mkamba wa enzi zake aliyefahamika zaidi yake huko Pwani.

Biashara hiyo ilikua katika nchi ambayo mvua yake haitabiriki kwa urahisi. Njaa ya mwaka wa 1836 iliwasukuma Wakamba wengi hadi Rabai na viunga vyake, ambako walianzisha makazi yaliyokuja kuwa vituo vya misafara. Aliyeijua njia ya kwenda Pwani alikuwa na pa kukimbilia mashamba yalipokauka. Msafara ulikuwa biashara, lakini ulikuwa pia kinga dhidi ya ukame.

Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata mwaka wa 1846 na mnamo Mei 11, 1848 akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Habari hizo zilipofika London zilipokelewa kwa kejeli. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta.

Mabishano hayo yalikuwa bado moto Krapf alipoondoka Rabai Novemba 1, 1849 kuelekea Ukambani. Alipitia Kikumbuliu, nchi ya Kibwezi ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni, akavuka mto Athi na uwanda wa Yatta, na kufika kwa Kivoi Novemba 26. Mwenyeji wake alimpokea kwa heshima. Katika mazungumzo Kivoi alimweleza kuwa amefika nchi za mbali upande wa kaskazini magharibi, na huko ameuona mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina ambalo hufasiriwa kuwa mahali pa mbuni, kwa kuwa weusi wa mawe na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya ndege huyo dume. Krapf aliliandika kama Kegnia.

Mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha mlima siku zote ambazo mgeni alikuwa kwa Kivoi. Hatimaye, Desemba 3, 1849, akiwa ameanza safari ya kurudi, anga ilifunguka kwa muda mfupi naye Krapf akaviona vilele viwili vyeupe umbali wa takriban kilomita 150. Historia ikamkabidhi sifa yote. Ni haki kusema kwamba Krapf aliona kile alichokwisha kuambiwa mahali kilipo na jinsi kilivyo.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba taarifa hizo za wenyeji hazikuishia kwenye theluji. Mtu mmoja kutoka Embu, Rumu wa Kikandi, alimsimulia Krapf kuhusu baridi kali ya mlimani na kitu cheupe kiporomokacho kwa kishindo kikuu. Krapf alielezwa pia kuwa mto Tana, ambao aliuandika Dana, hutoka katika mlima huo. Mlima na maji ya mto viliunganishwa katika ujuzi wa watu hawa muda mrefu kabla ya mtaalamu yeyote kufika na vipimo vyake.

Tana ndio uliomwita Kivoi mara ya mwisho. Mwaka wa 1851 Krapf alirudi akitaka kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Mpango huo uliposambaratika, akajiunga na msafara wa Kivoi uliokuwa ukielekea mtoni kwa shughuli za pembe. Mwezi wa Agosti, karibu na Tana, wavamizi waliushambulia msafara huo. Wafuasi wengi walitawanyika. Kivoi aliuawa pamoja na wachache waliobaki kando yake.

Krapf alikimbilia vichakani peke yake. Kiu ilimsukuma hadi ukingoni mwa Tana, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mkoba wa darubini. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kurudi akiwa hai ilhali rafiki yake ameachwa porini, ikambidi kutoroka. Hasira yao inaeleweka: walimpoteza mtu aliyeshikilia biashara ya sehemu kubwa ya Kitui.

Ilichukua miongo mitatu kabla ya Joseph Thomson kuthibitisha, mwaka wa 1883, kwamba mlima huo upo na una theluji. Halford Mackinder alifika kileleni, mita 5,199 juu ya bahari, mwaka wa 1899. Mwaka huo huo Ukambani ulikuwa ukiangamizwa na njaa kuu iitwayo Ngomanisye. Mackinder alichora ramani ya barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, na Wajerumani Carl Troll na Karl Wien wakaipima upya mwaka wa 1934. Tangu hapo ilipimwa mara nyingi, ingawa kazi hiyo ilifanywa zaidi na watafiti wa vyuo vya ng'ambo. Kati ya mwaka wa 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Katika nchi za baridi, kazi kama hiyo ilikuja kuwa jukumu la serikali. Huko Nevada, Marekani, James Church, mwalimu wa Kilatini, alianza mapema katika karne ya 20 kupima uzito wa theluji kwa bomba, akaweza kukadiria maji yatakayoteremka msimu wa joto. Kuanzia mwaka wa 1935 serikali ya Marekani iligharimia vipimo hivyo.

Mfumo huo hauwezi kuhamishiwa Mlima Kenya jinsi ulivyo. Theluji ya Ikweta huanguka wakati wowote na kuyeyuka upesi. Hairundikani miezi sita ikisubiri kiangazi. Maji mengi ya Tana hutokana na mvua inayonyesha kwenye miteremko na kuhifadhiwa na misitu na ardhi yenye unyevu. Anayetaka kujua maji ya mwakani hana budi kupima mvua na mikondo ya mito. Kwa hiyo kituo cha kuchunguza hewa kilichofunguliwa mlimani mwaka wa 1999, kwenye kimo cha mita 3,678, chini ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ni sehemu tu ya kazi. Sehemu nyingine ni vipima-mvua na vipimo vya mito, vifaa visivyo na fahari ambavyo ni rahisi kusahauliwa bajeti inapogawanywa.

Kwa wakulima wa Kitui na Makueni, hasara ya usahaulifu huo si ndogo. Tegemeo lao kuu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Misimu mitano mfululizo ilipofeli kati ya mwaka wa 2020 na 2022, mito ya mchanga ilikauka na mifugo ikafa. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, huupatia mji wa Kitui maji ya Tana kwa mabomba, nalo bwawa la Kiambere huyapeleka Mwingi. Mto ambao Kivoi alifunga safari ya siku kadhaa kuufikia sasa hufika nchini mwake kwa mashine, maadamu mabwawa hayo yana maji.