Gary Kildall: Jamaa aliyezipa diski herufi, kisha soko likamponyoka

Chomeka flashi kwenye kompyuta ya Windows, itajitokeza kama E: au F:. Ukitaka kuifomati unaulizwa: FAT32, exFAT au NTFS? Wengi wanabonyeza tu, halafu baadaye wanashangaa mbona filamu ya GB 5 inagoma kuingia wakati nafasi ipo. Herufi ile na swali lile vina historia, na humo yumo Mmarekani Gary Kildall.

Alizaliwa Seattle, Mei 19, 1942, kwenye familia iliyokuwa na shule ya ubaharia. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu ya kompyuta, akawa anafundisha chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Pembeni alipiga kazi za Intel.

Kilichomkera ni uhifadhi. Kompyuta ndogo za wakati huo zilitunza kazi kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na ulikwenda polepole mno. Kildall akapata mashine ya kusomea diski laini kutoka kampuni ya Shugart, iliyochakaa kwa majaribio. Tatizo, hakuwa na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta. Akajaribu kukitengeneza, kikamshinda. Rafiki yake John Torode ndiye aliyekiunda, na mwaka 1974 programu ya Kildall, CP/M, ikafanya kazi.

CP/M iliigeuza diski kuwa kama ghala lenye daftari mlangoni: kila faili lina jina la herufi zisizozidi 8, nukta, kisha 3 za aina yake, na daftari linaonyesha vipande vyake vimekaa wapi. Diski zikaitwa A:, B: na kuendelea, mtindo uliokuwepo kwenye kompyuta kubwa za IBM. Sehemu ya kuzungumza na vifaa akaitenga, akaiita BIOS, jina ambalo mafundi wanalo hadi leo. Kwa ujanja huo CP/M ikahamia kwenye mashine za kampuni nyingi.

Lakini kila kampuni ilipanga diski zake kivyake. Diski iliyoandikwa kwenye mashine hii mara nyingi haikusomeka kwenye ile, japo zote zinatumia CP/M! Ikabidi watu watafute programu za kubadilisha fomati.

Mwaka 1980 IBM wakaja kutafuta programu ya kompyuta yao mpya. Kildall alikuwa ameruka na ndege yake ndogo kwa safari ya kikazi. Mkewe Dorothy, aliyesimamia biashara, akasita kutia saini mkataba wa kutunza siri. Yaliyofuata kila upande unasimulia kivyake, ila dili halikufungwa.

IBM wakaenda kwa Microsoft, nao wakanunua 86-DOS ya Tim Paterson. Iliiga amri za CP/M, lakini daftari lake la diski lilikuwa jingine: FAT, iliyobuniwa Microsoft mwaka 1977. Kildall alilalamika, IBM wakakubali kuuza na programu yake. Bei? Yake dola 240, ya Microsoft dola 40. Hapo mchezo ukaisha, na FAT ikasambaa na kompyuta za IBM.

Kampuni yake, Digital Research, iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Julai 1994 aliumia kichwa kwenye baa mjini Monterey, na baada ya siku tatu akafariki akiwa na miaka 52.

FAT32 ilitoka 1996. Inasomeka karibu kila mahali, hata kwenye redio ya gari, ila haipokei faili la GB 4 au zaidi. exFAT ya 2006 iliondoa kikwazo hicho na inaelewana na Windows na Mac, ingawa redio na TV za zamani zinaweza kuikataa. NTFS ni ya Windows zaidi. Mac inaisoma bila kuiandika. Windows ina amri ya kuhamisha FAT32 kwenda NTFS bila kufuta kitu, lakini kurudi nyuma lazima ufomati, na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza.

Na diski kuu ya Windows bado inaanzia C:, kwa sababu A: na B: zilikuwa za diski laini.