Kapteni Grant na Majina ya Mimea Yetu

Ndugu zangu tuliosoma Mpwapwa, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, Mhariri amenipa nafasi nieleze habari za mtu mmoja wa zamani. Nimemchagua James Augustus Grant. Wengi wetu tulimsoma katika historia kama mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, basi. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine, nalo ni mimea.

Grant alizaliwa Nairn, Uskoti, tarehe 11 Aprili 1827. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia jeshi la Uhindi. Katika mapigano ya Lucknow, mwaka 1857, alijeruhiwa mkono wa kulia. Mwaka 1860 alifika Unguja pamoja na Speke, wakavuka kwenda Bagamoyo na kushika njia ya bara. Walipanda milima ya Rubeho, wakaingia Ugogo mwishoni mwa mwaka huo. Chakula kilikuwa haba na wapagazi wengi wakatoroka. Swala granti, tunayemfahamu sote, ana jina lake. Alielezwa kitaalamu mwaka 1872 kutokana na mnyama aliyepatikana huku huku Ugogo.

Njia nzima Grant alikusanya mimea. Kazi hiyo yataka subira. Huchuma tawi lenye ua, hulibana katikati ya karatasi, na karatasi zikilowa huzibadilisha, la sivyo tawi huota ukungu na kuharibika. Mizigo ya msafara ilibebwa na wapagazi ambao wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Tunayemjua vizuri ni kiongozi wao, Sidi Mubarak Bombay, Myao. Kule Karagwe Grant aliugua mguu kwa miezi kadhaa. Tarehe 28 Julai 1862, Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, mwenzake hakuwapo. Februari 1863 wote wawili walifika Gondokoro, na kutoka huko wakateremka hadi Misri.

Mimea ile ilipelekwa Kew, karibu na London. Miaka hiyo wataalamu wa Kew walikuwa wakipanga mimea ya dunia nzima katika koo zake. Mmoja wao, George Bentham, aliandika vitabu saba juu ya mimea ya Australia, kati ya 1863 na 1878, na Australia yenyewe hakufika hata siku moja. Alitegemea matawi makavu, na msaada wa Ferdinand von Mueller aliyeishi Melbourne. Walihesabu sehemu za ua, wakalinganisha mbegu na matunda, ndipo wakaamua mmea upi ni ndugu wa upi. Kwa njia hiyo twajua kwamba mbuyu wetu una ndugu yake kaskazini-magharibi ya Australia. Mueller aliupa jina la kitaalamu mwaka 1857. Mimea ya Grant nayo ilichunguzwa kwa njia hiyo hiyo, na Profesa Daniel Oliver na wenzake. Habari zake zilichapishwa London na Jumuiya ya Linnean kati ya 1872 na 1875. Speke hakuiona kazi hiyo, maana alifariki mwaka 1864. Grant alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892.

Sasa nifike kwenye shabaha yangu. Katika kazi ile, pamoja na majina ya Kilatini, Grant alitia orodha ya majina ya wenyeji kwa mpango wa alfabeti, na maelezo yake mwenyewe. Tahajia ni ya sikio la mgeni, lakini aliuliza na akaandika. Kew wangeweza kuupa mmea jina la Kilatini wakiwa mezani kwao. Jina la wenyeji lilipatikana njiani tu, kwa mtu aliyeujua mmea huo.

Nasema haya kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kijijini kikazi kuorodhesha miti. Mzee mmoja alinionyesha mti, akautaja kwa Kigogo, akaeleza magome yake yanatibu nini na huchumwa wakati gani. Mimi, msomi wa chuo kikuu, niliandika maneno matatu tu: mti wa dawa. Niliporudi baada ya miaka miwili nikihitaji jina lile, mzee alikuwa ameshazikwa. Wanawe walinifikisha kwenye mti. Jina lake hawakulijua.

Wadogo zetu, likizo ijayo mkirudi nyumbani, chukueni daftari. Ombeni bibi na babu wawataje miti na mboga za porini, mkianza na mlenda. Andikeni jina, matumizi, mahali na tarehe. Baneni na tawi katikati ya magazeti, mumletee mwalimu wa baiolojia. Nasi wakubwa tuwanunulie madaftari hayo. Mimi nimeanza langu.