Andreas Grüntzig, daktari aliyezibua mshipa wa moyo kwa puto

Hapa Mbeya na Iringa wapo ndugu zetu waliopewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wakawekewa stenti: kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi. Mtu hurudi nyumbani akijua amepona. Lakini kifua kinaweza kubana tena miezi michache baadaye, akipanda mlima kwenda shambani. Ili tuelewe kwa nini, tumkumbuke Andreas Grüntzig.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1939, akawa daktari Zürich, Uswisi. Usiku, kwenye meza ya jikoni kwake, alitengeneza kwa mikono mirija myembamba yenye puto dogo kwenye ncha. Septemba 16, 1977, alipitisha mrija wa aina hiyo kwenye mshipa wa pajani wa mgonjwa wa miaka 38 hadi moyoni, akalijaza puto, na mshipa ukapanuka bila kupasua kifua. Miaka 10 baadaye ulikuwa bado wazi.

Wengine hawakubahatika hivyo. Kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 3, mshipa ulisinyaa tena ndani ya miezi 6. Grüntzig hakulificha jambo hilo. Aliwafuatilia wagonjwa wake, akawaeleza wazi madaktari waliokuja kujifunza kwake. Mwaka 1980 alihamia Atlanta, Marekani. Oktoba 27, 1985, ndege aliyoirusha mwenyewe ilianguka, akafariki pamoja na mkewe. Alikuwa na miaka 46.

Mwaka uliofuata stenti za kwanza ziliwekwa kwa wagonjwa. Zilisaidia, ila nyama mpya huweza kuota ndani ya wavu, kama kovu. Baadaye zikaja stenti zenye dawa ya kuzuia nyama hiyo. Tatizo limepungua, halijaisha. Mshipa ukisinyaa tena, madaktari huupanua kwa puto, siku hizi hata lililopakwa dawa, au huweka stenti nyingine, au hufanya upasuaji.

Ndugu msikilizaji, kama una stenti, usiache dawa bila ruhusa ya daktari, na usikose kliniki. Kifua kikianza kubana ukifanya kazi, rudi ukapimwe. Kikibana hata umepumzika, usisubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.