Mlezi wa Mgonjwa Naye Aulizwe Hali

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo hunijia kila nisomapo maisha ya Leonard Woolf, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1969. Wengi humjua kama mume wa mwandishi mashuhuri Virginia Woolf. Ni wachache wanaomjua kama mlezi wa mgonjwa.

Leonard alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, tangu 1904 hadi 1911. Alimwoa Virginia mnamo Agosti 1912. Mwaka uliofuata, mkewe alijaribu kujitoa uhai. Mwaka wa 1915 maradhi yalirudi kwa kishindo, hata ikawa kwa majuma kadhaa bibi huyo hataki kumwona mumewe. Wataalamu wengi wa leo huyaona maradhi hayo kuwa baipola: moyo hupaa kupita kiasi, kisha huzama kupita kiasi.

Leonard akawa mlinzi wa usingizi wa mkewe, chakula chake na wageni wake. Hali ya mkewe aliiandika katika shajara. Mimi mwanaisimu niliguswa kusoma kwamba mwaka wa 1913 aliandika habari hizo kwa hati za Kisinhala na Kitamil alizojifunza Ceylon, ili jicho la mwingine lisizisome. Yamkini mtu hukimbilia hati ya kigeni akosapo wa kumweleza.

Mwaka wa 1917 walinunua mashine ndogo ya kuchapia vitabu, Leonard akitumaini kwamba kazi ya mikono ingeituliza akili ya mkewe. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la Hogarth Press, ambalo lilichapisha vitabu vya kuwatetea Wakenya: cha Norman Leys mwaka wa 1924 na cha Parmenas Mockerie mwaka wa 1934.

Wako wahakiki wanaomlaumu Leonard kwamba alimbana mkewe kupita kiasi. Labda. Lakini mkesha wa miaka 28 humgeuza mlezi yeyote kuwa askari. Virginia alijitoa uhai Machi 28, 1941.

Hapa Machakos, mimi nami nina daftari. Mume wangu anaugua maradhi hayo hayo. Huandika saa alizolala, dawa alizomeza na fedha alizotapanya. Huandika kwa Kifaransa, watoto wasije wakasoma. Majirani wema hunisimamisha njiani wakaniuliza baba watoto anaendeleaje, nami nawashukuru. Hajatokea wa kuniuliza kama mimi nililala.

Msomaji mpendwa, ukienda kumjulia hali mgonjwa wa namna hii, usiondoke kabla ya kukaa na mlezi wake. Muulize naye hali. Ukiweza, shika zamu yake usiku mmoja tu, apate kufumba macho.